Kijana Aliniuliza, Nikamdanganya

Nilimwambia kijana wa watu kwamba kazi yake imependeza, na usiku huohuo nikawaambia watu wengine kwamba ametuharibia. Hilo ndilo kosa langu. Nimelitubia kwa Mola wangu, lakini ndani yake kuna haki ya mja, na haki ya mja haiishii kwenye mswala. Inarudishwa kwa mwenyewe. Hao wengine niliowaambia ni wengi, wengine siwajui hata majina, kwa hiyo nimeona niandike.

Jambo lenyewe ni picha za familia. Siku hizi kila mtu ana simu, na picha imekuwa kitu cha kawaida. Kwa ukoo wetu haikuwa hivyo.

Mama yangu alivuka Ziwa Tanganyika usiku mwaka 1972, binti mdogo bado, pale mambo yalipoharibika huku Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac, mwishoni mwa mwezi wa Aprili na watu wakaanza kukimbia. Alitoka na nguo aliyovaa. Kovu alilo nalo juu ya nyusi ya kushoto alilipata kwenye mtumbwi ule, gizani, watu wakisukumana. Safari yao iliishia Katumba, yale makazi ya wakimbizi ya Mpanda, na huko ndiko alikoolewa, ndiko tulikozaliwa sisi na kukua tukisema Kiswahili. Katumba mpiga picha alikuwa anakuja kwa baiskeli na kamera ya filamu. Anakupiga leo, anachukua pesa yake, filamu inakwenda kusafishwa mjini, halafu mnasubiri. Mara nyingine picha zilirudi, mara nyingine hakurudi hata yeye. Picha ya ujana wa Mama iliyobaki ni ya kitambulisho, ndogo kama kidole gumba, muhuri umempita kwenye shavu.

Mwaka 2008, watu wa 1972 walipoanza kurudishwa kwa makundi, Mama alisema anataka kuzikwa kwao. Tukaja naye Kizuka, huku Rumonge, mimi na dada zangu. Kaka zetu walichagua uraia wa Tanzania, wakabaki Mpanda, na mwaka 2014 vyeti vilipoanza kugawiwa wakawa Watanzania kamili. Dada mmoja aliolewa Buyenzi, Bujumbura. Mdogo wangu wa mwisho yuko Saudia, anafanya kazi za ndani kwa mikataba ya miaka miwilimiwili. Ukoo umekaa hivyo, kila mtu upande wake, na picha yenye Mama katikati na watoto wake wote haijawahi kuwepo duniani. Haikuwepo Katumba, haikuwepo Kizuka.

Idi moja mdogo wangu alipata likizo, kaka zetu wakavuka mpaka kuja, wa Buyenzi wakateremka. Tulikuwa tunajua kwamba nafasi kama hiyo huenda isijirudie Mama akiwa na nguvu za kusimama.

Mpiga picha nilimtafuta mimi. Ni kijana wa Rumonge mjini, ana kibanda chake cha kupiga picha za pasi, kutoa kopi na kuchaji simu, na siku za wikendi anakodiwa kwenye harusi. Nilikuwa nimeziona kazi zake, zilikuwa nzuri. Alinipigia simu tukapanga, na maneno aliyoniambia siku ile nayakumbuka yote, kwa sababu baadaye nilijifanya sikuyasikia.

Alisema: "Mama, kama mnataka ziwa liwe nyuma yenu, njooni asubuhi. Huku kwetu ziwa liko magharibi. Asubuhi jua linatokea milimani, linawapiga usoni, na maji nyuma yanatulia. Mkija alasiri jua litakuwa limeshahamia upande wa Kongo, litakuwa migongoni mwenu, nyuso zote zitakuwa giza."

Akasema tena kwamba kwa kundi kubwa atahitaji msaidizi wa kushika ile turubai nyeupe inayorudisha mwanga usoni, na taa moja. Akataja bei. Nilipunguza bei. Nilipunguza tena. Nikamwambia msaidizi wa nini, sisi tutashika wenyewe, na taa ya nini, jua lote hili la Mungu. Alikubali kwa sababu alihitaji kazi. Nililisikia hilo kwenye sauti yake, na nililitumia.

Mwisho nikamwambia: "Na utung'arishe kidogo, mwanangu. Tusitoke weusi."

Hayo maneno ni yangu. Nayaandika hapa kama nilivyoyasema.

Siku yenyewe hatukwenda asubuhi. Gari la kutoka Bujumbura lilichelewa kwa sababu ya shida ya mafuta, na waliofika mapema walitaka kula kwanza. Pilau ikapakuliwa, samaki aina ya mukeke wakachomwa, wanawake wakaanza kufungana vilemba vya kitenge cha sare. Tulipoteremka ziwani ilikuwa imeshapita saa tisa. Kijana alikuwa ametusubiri tangu asubuhi, amekaa kwenye mtumbwi uliogeuzwa, begi la kamera miguuni. Hakulalamika. Aliangalia juu, akaangalia maji, akauliza kama tungekubali kusimama upande wa michikichi, ziwa liwe mbele yetu. Wote tukasema hapana. Tumekuja kupiga picha ziwani, ziwa lionekane.

Wenyeji wa pwani hii wanajua ziwa lilivyopanda miaka hii. Mchanga tuliokuwa tunachezea mpira umeliwa, na mahali pengi umebaki ukanda mwembamba, nyuma yake magunia ya mchanga ambayo watu wamepanga kulinda nyumba zao. Kijana alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga magunia, na bado tulikuwa hatuenei kwenye kioo. Ikabidi abadilishe lenzi, aweke ile inayomeza eneo pana. Lenzi ya namna hiyo huwavuta watu waliosimama pembeni, mtu wa kawaida anatoka amepanuka kichwa na bega. Hilo nalo nimelijua baadaye. Siku ile nilimwona tu anahangaika, na moyoni nikaanza kusema huyu hajui kazi.

Picha zilikuja kwenye simu baada ya siku chache.

Nilizifungua nikiwa peke yangu jikoni. Ya kwanza ilikuwa ya kundi zima. Maji nyuma yetu yalikuwa meupe kabisa, hayana hata mstari wa milima ya Kongo, kana kwamba tumesimama mbele ya shuka. Nyuso zetu zilikuwa na rangi ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliwahi kuwa nayo, kijivu kinachoelekea kwenye udongo wa mfinyanzi, na ukizikuza zina chengachenga kama mchanga. Shangazi aliyesimama pembeni alikuwa amevutika mpaka sikio. Kaka yangu mkubwa kivuli cha kofia kilikuwa kimemkata uso nusu, nusu ya juu haipo. Halafu ile ya Mama peke yake, niliyoisubiri kuliko zote. Ngozi ilikuwa imelainishwa ikawa kama ya mtoto. Mistari ya paji la uso haipo. Kovu halipo. Mashavu yameng'aa.

Nilimpelekea Mama simu. Aliishika mbali na macho kama anavyofanya, akaangalia kwa muda, akaniuliza: "Huyu mama wa nani?"

Dakika hiyohiyo ujumbe wa kijana ukaingia. Ninao mpaka leo. Aliandika: "Asalaam aleikum Mama. Umezionaje? Kama kuna ya kurekebisha niambie bila kuona haya, bado sijapeleka kuchapisha."

Aliniuliza. Sikulazimika kutafuta namna ya kuanza, wala wakati wa kufaa. Alifungua mlango mwenyewe na akaniambia niingie bila kuona haya. Nikamjibu: "Waaleikum salaam mwanangu. Masha Allah, zimependeza sana, Mungu akuzidishie." Nikaweka na maua. Nikamtumia nusu ya pesa iliyobaki kwa Lumicash.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu nililokuwa nalo mwanzo ni adabu: sisi tumefundishwa kumstahi mtu, kutomvunja kijana moyo, na ukishakula kazi ya mtu unamshukuru. Hilo nililisema sana, na watu walinikubalia kwa vichwa. Lakini si kweli. Mtu anayemhurumia kijana hamfanyii nilichofanya saa moja baadaye. Kweli ni kwamba ningemwambia nyuso zimekuwa kijivu, angenijibu nilikuambia mje asubuhi. Ningemwambia shangazi amevutika, angenijibu tulisimama kwenye ukanda mwembamba ukakataa kuhama. Ningemwambia umemfuta Mama uso, angenionyesha maneno yangu mwenyewe, utung'arishe. Nilimsifu ili asinijibu. Ile "Masha Allah" ilikuwa kufuli.

Usiku nikaingia kwenye grupu la familia, nikabonyeza kitufe cha sauti na kuongea mpaka nikaishiwa pumzi. Sitaki kuyarudia yote. Nilisema kijana yule hajui hata kushika kamera, ametula pesa, ametuharibia nafasi ambayo hatutaipata tena, na nikamaliza kwa kusema mtu mwenye shughuli yake ya maana asithubutu kumpa. Nilijisikia nimepona. Wenzangu wakaweka emoji za kulia, wakasema pole, wakaongeza ya kwao.

Katika yote yale hakuna aliyeniuliza, na wewe umemwambia mwenyewe?

Sauti ikatoka. Mpwa wangu mmoja aliipeleka kwa rafiki yake, rafiki yake ana dada anayeolewa, na ile familia ilikuwa imeshampa kijana kazi ya harusi. Wakamwondoa. Mimi sikuyajua hayo. Niliendelea na maisha yangu, mdogo wangu akarudi Saudia, kaka zangu wakarudi Mpanda.

Mwezi ulipita nikampigia kijana simu. Nilikuwa nimeambiwa na mtoto wa jirani, anayesoma mambo ya kompyuta Bujumbura, kwamba kamera zinaweza kuhifadhi faili ghafi, picha kabla haijabanwa na kuhaririwa, na kwamba uso uliofunikwa na giza mara nyingi unaweza kuokolewa humo kwa sababu mwanga mdogo ulioingia bado umehifadhiwa. Ikishabanwa, kilichopotea kimepotea; ukiivuta mwanga inatoa kijivu na chenga. Nikaona nimepata dawa. Nilimsalimia kwa uchangamfu, nikamwomba faili ghafi za siku ile.

Akasema: "Mama, nilizifuta. Kadi ni moja tu, nahitaji nafasi ya kazi nyingine. Huwa nazitunza mpaka mteja aseme ameridhika. Ulisema umeridhika."

Nikanyamaza. Akanyamaza na yeye. Kisha akasema kwa upole uleule: "Na sauti yako ninayo, Mama. Nilitumiwa."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushikilia. Aliniombea usiku mwema, akakata.

Nilikwenda Rumonge kumwona. Sikwenda kesho yake, nilichelewa kwa woga, na hilo nalo ni sehemu ya maungamo haya. Nilimkuta kibandani anamkatia mzee mmoja picha za pasi kwa mkasi. Nilimsubiri amalize. Nilimwambia nimekuja kwa mambo mawili, kuomba radhi na kumwambia ukweli wa zile picha mbele yake kama nilivyopaswa kumwambia siku aliponiuliza. Akavuta kiti cha plastiki, akafungua kompyuta.

Kioo cha kompyuta ile kilikuwa hafifu. Nilipoziona picha zetu humo, nikashangaa: hazikuwa mbaya sana. Nyuso zilikuwa na rangi karibu na ya kwetu. Nikaweka simu yangu pembeni, picha ileile, tukaangalia zote mbili pamoja. Yeye ndiye aliyeshtuka. Wiki aliyotuhariria, umeme ulikuwa unakatika, akawa anafanya kazi kwa betri, na kompyuta ikitumia betri inajipunguzia mwanga ili ikae. Akiona nyuso giza anaongeza, akiona bado anaongeza tena, kumbe giza ni la kioo. Akaniuliza: "Hivi ndivyo mlivyoziona wote, tangu siku ya kwanza?" Nikasema ndiyo. Akashika kichwa.

Mpaka naandika haya, mkono ule kichwani ndio unaoniuma kuliko kitu kingine. Alikuwa ameshahariri kazi nyingine baada ya yetu kwa kioo kilekile. Ningemjibu ukweli, hata mstari mmoja, nyuso zimekuwa kijivu mwanangu, angefungua simu yake, angeliona, angerudia kwa faili ghafi zilizokuwa bado zipo, na angewaokoa na wateja wengine. Waswahili wana methali, mficha uchi hazai. Nilidhani inamhusu anayeficha shida yake mwenyewe. Nilikuwa nimemfichia mwingine ya kwake.

Tukaenda picha kwa picha. Nilijifunza hapo kwamba kuna kusema "mbaya" na kuna kusema kilicho kibaya. Nilipomwambia kwamba ya Mama imenikasirisha, alibaki ananitazama tu. Nilipomwambia kwamba kovu lake limefutwa na kovu lile amelipata mwaka 1972 na ndilo tunalomtambua nalo, aliinama akaangalia, akaniuliza liko nyusi ipi, akaandika. Nilimwambia kuhusu kofia ya kaka, kwamba angeweza kumwambia aisogeze juu. Akakubali. Nilimwambia kuhusu shangazi. Akanieleza lenzi, na kwamba kosa lake ni kutowaweka pembeni watu wembamba na watoto na kuwaleta wenye miili katikati. Huwa anafanya hivyo, siku ile alichanganyikiwa kwa haraka zetu.

Halafu nikamwambia: "Sasa niambie na mimi." Alisita. Nikamwambia hapa sikuja kama mteja. Akayasema, taratibu, kwa heshima, bila kuniangalia: ya asubuhi, ya msaidizi, ya bei, ya michikichi. Mwisho akasema: "Na ile ya kung'arisha, Mama. Wote mnaniambia hivyo. Mtu akija na rangi yake nzuri anataka nimpe ya mwingine. Nisipomng'arisha anasema sijui kazi. Nikimng'arisha mnasema nimemharibu."

Hapo ndipo nilipobanwa hasa, maana hilo halikuwa la siku moja. Nimekua nikiona watu wakijipaka mkorogo, nimewasema vibaya, nimewaonya mabinti zangu. Na bado nilipofika mbele ya kamera nikaomba mkorogo wa picha kwa mama yangu mwenye miaka yake, bila kumwuliza.

Nimesoma kidogo tangu siku ile, nikakuta kwamba hii habari ni kongwe kuliko simu zetu. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi, yenye sura ya mwanamke mweupe. Wenye kazi waliiita Shirley. Kwa miaka mingi tangu katikati ya karne iliyopita, rangi ya ngozi iliyohesabiwa kuwa sahihi ni ya mwanamke huyo, na watu weusi walitoka macho na meno tu. Malalamiko ya wazazi wa watoto weusi hayakutosha. Walioongeza uzito, kama watu wa Kodak wenyewe walivyokuja kusimulia, ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliotaka rangi za mbao zao na chokoleti zao zitofautiane kwenye matangazo. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kusambaa miaka ya 1990. Kamera za leo ni bora mara nyingi, ila nyingi bado ukiziachia ziamue zenyewe zinapima mwanga wa eneo zima, na mtu mweusi aliyesimama mbele ya ziwa linalowaka jua la alasiri ataonewa. Dawa yake ni mpiga picha kupima uso na kuliacha ziwa lijitetee, au kuleta mwanga usoni. Huyu wa kwetu alilijua lote hilo. Ndiyo ile turubai na taa niliyoikata kwenye bei.

Nilichoweza kurudisha nimejaribu. Nilirekodi sauti nyingine kwenye grupu lile, nikasema yote haya, mimi ndiye niliyechelewa, mimi ndiye niliyekata msaidizi, mimi ndiye niliyeomba tung'arishwe, kijana aliniuliza nikamwambia zimependeza. Nikawaomba waipeleke kila mahali walipoipeleka ya kwanza. Dada wa Buyenzi aliniambia najidhalilisha. Mpwa wangu aliipeleka, namshukuru. Lakini sauti ya pili haikimbii kama ya kwanza. Wapo watu sokoni Rumonge ambao mpaka leo wananiambia, yule aliyewaharibia picha, na inabidi nisimame palepale na mzigo wangu kuwaeleza upya. Nasimama.

Kwenye ile familia ya harusi nilikwenda mwenyewe na dada yangu mkubwa. Walitupokea vizuri, wakasikiliza, wakasema wameshampa mwingine na amelipwa. Kazi ile kijana ameipoteza kwa mdomo wangu. Nilimtumia fedha ya kufidia, si yote, kiasi nilichokuwa nacho. Akairudisha jioni ileile. Nikaituma tena, akairudisha. Nikaacha kutuma, kwa sababu niliona nataka kujinunulia usingizi kwa pesa, na yeye hauzi.

Mama amepigwa picha upya, peke yake, asubuhi, jua lilipopanda juu ya milima. Kijana alikuja na msaidizi na turubai. Kila baada ya picha chache alikuja na kamera kunionyesha kwenye kioo cha nyuma na kuniuliza, na mimi nilijibu. Hii macho yamefumba. Hii ushungi umeng'aa kuliko uso. Hii nzuri, na nzuri kwa sababu mikono yote miwili inaonekana. Mahali pamoja nilimwambia amsogeze Mama kulia, akasema: "Hapo sikubaliani na wewe, Mama," akanieleza sababu, na alikuwa na haki. Mama mwenyewe alichoka na maneno yetu akatuambia tumalize, uji wake unapoa.

Iliyobaki ni ile ya kundi. Mdogo wangu wa Saudia nimemwambia ukweli, kwamba picha ile haitengenezeki na kwa nini. Alilia kwenye simu, akanikasirikia, siku kadhaa hakupokea simu zangu. Mkataba wake ukiisha atakuja, na kaka zetu wameahidi kuvuka tena. Kijana ameniandikia masharti yake kwenye karatasi: kuanza saa moja na nusu asubuhi, msaidizi mmoja, taa moja, mahali atachagua yeye, ngozi haiguswi, na mteja aseme asichokipenda ndani ya wiki moja kabla faili hazijafutwa. Bei ni kubwa kuliko ile niliyoipunguza. Nimetia saini, na nimeanza kumlipa kidogokidogo.